Mkwe wa Mtaa Mzima

Babangu alikuwa kibarazani akinywa kahawa nilipomweleza kwamba serikali, ikimkubali mume wangu, itampa pasi ya mtegemezi ya kukaa Kenya. Alikiweka kikombe chini.

"Mtegemezi wa nani?"

"Wangu mimi, baba."

"Mume amtegemee mkewe?"

"Ndivyo sheria ilivyo. Mimi ndiye raia. Yeye ataingia kwa mgongo wangu."

Alitazama njia, kama mtu anayetafuta mlango wa kumtoa mkwewe katika aibu. Kisha akasema, "Basi wasimwandikie kwa Kiswahili. Wamwandikie Kizungu, asielewe."

"Kizungu anakielewa kuliko Kiswahili."

"Haya. Mwambie ni cheo."

Nilimwambia ni cheo. Mume wangu, ambaye wakati huo Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na majina ya vyakula, alilipenda lile neno. Kwa wiki kadhaa kila aliyemuuliza hali mtaani alijibiwa, "Salama, alhamdulillahi. Mimi ni mtegemezi." Wanaume wa kibarazani walikuwa wakiinama kuficha vicheko, na mmoja wao alinong'ona kwamba huyu angalau ana ukweli, wapo wengi Malindi wenye cheo hicho na hawasemi.

Tulikutana Maskati. Nilikwenda kule kushona mabuibui katika duka la bibi mmoja wa Kiomani, na dukani kulikuwa na kiyoyozi kilichovuja maji juu ya vitambaa. Bibi akaita fundi. Akaja Mhindi mwembamba wa Kerala, mwenye masharubu yaliyochongwa vizuri, akapanda ngazi, akakifungua, akakifunga, akasema kwa Kiarabu cha kuokoteza kwamba sasa kimepona. Wiki iliyofuata kikavuja tena. Na iliyofuata. Bibi alilalamika kwamba fundi yule hajui kazi, nami nikaanza kuwa na mawazo mengine. Mpaka leo mume wangu anaapa kwamba kiyoyozi kile kilikuwa kibovu kweli.

Siku moja aliniuliza kama kwetu kuna nazi. Nikamwambia kwetu bila nazi hakuna chakula. Akasema kwao pia ni hivyo hivyo. Tukaulizana nani hupika samaki kwa tui zito na nani kwa jepesi, nani hutia ndimu na nani hutia ukwaju, na bibi mwenye duka akakohoa mara kadhaa kabla hatujamsikia.

Ndoa yetu ilifungwa kule kule. Nilikuwa na ami yangu, mdogo wake babangu, aliyehamia Maskati zamani, na babangu alimpa uwakala kwa simu ili aniozeshe kwa niaba yake. Shekhe alitaka aisikie sauti ya baba mwenyewe. Babangu alianza kusema, "Mimi fulani bin fulani, nimempa uwakala ndugu yangu..." na simu ikakatika. Tukapiga tena. Ikakatika pale pale kwenye "ndugu yangu." Alipofaulu hatimaye kuimaliza ile sentensi, alikuwa ameshaikariri kwa ukali, na wote waliokuwa barazani kule Malindi wameisikia na kuitolea ushahidi bila kuombwa. Nadhani kuna wanawake wachache walioozwa kwa mkazo kama nilivyoozwa mimi.

Tukapewa cheti cha Kiarabu chenye muhuri wa kijani. Nilikikunja nikakitia katika mfuko wa nguo, nikidhani kwamba hicho ndicho mwisho wa mambo. Mtu akishaolewa si ameolewa?

Mamangu alipoanza kusumbuliwa na presha na mkataba wangu ukawa umekwisha, tuliamua kurudi kukaa Malindi. Mume wangu alikuja kwa viza ya mgeni. Habari zilikuwa zimetutangulia kwamba nimeolewa ng'ambo, na kwetu maneno hayo yana picha yake. Watu walikuja nyumbani kumtazama mzee wa Kitaliano mwenye kaptula na pua iliyoungua kwa jua. Walimkuta kijana Mhindi amevaa kikoi, ameketi mkekani na mamangu, akikuna nazi. Walikunywa chai yao. Mama mmoja, akiondoka, alimgeukia akamuuliza kwa nini bei ya misumari imepanda. Alimdhania ni wa ile familia ya Kihindi yenye duka la vyuma.

Viza ina siku zake, kwa hivyo tulianza mapema. Nilijaza maombi kwenye mtandao, nikasaidiwa na kijana wa saibakafe, kisha tukaitwa ofisi ya uhamiaji tukiwa na kila kitu mkononi. Afisa aliyetupokea alikuwa mama wa makamo kutoka bara, aliyehamishiwa pwani si zamani. Alikuwa na kitambaa cha kujipangusa jasho na sauti ya taratibu kama ya mwalimu asiyehitaji kiboko. Nilimwamkia, "Shikamoo, bi afisa." Akatabasamu kidogo, akasema marahaba, kisha tabasamu likarudi lilikotoka.

"Hii jina yako kwa cheti si sawa na ya kitambulisho," alisema.

Nikamweleza kwamba kule Maskati waliliandika kwa Kiarabu, na mfasiri aliyeapishwa, alipolirudisha kwa herufi za kwetu, alilirudisha kwa njia yake. Herufi moja imezidi na nyingine imepotea, lakini mtu ni yuleyule. Alitaka nile kiapo kwa wakili kwamba majina yote mawili ni yangu. Nikakubali. Kisha akaichukua pasipoti ya mume wangu.

"Na huyu iko na herufi mbili hapa mbele. Zinasimama badala ya nini?"

Mume wangu alijibu kwa Kizungu kwamba ya pili ni ya jina la babake.

"Na ya kwanza?"

"Nyumba."

"Nyumba gani?"

"Nyumba yetu. Ina jina."

Afisa alinitazama mimi. Nikamweleza kwamba kwao kila nyumba ya ukoo ina jina lake, na mtu hubeba herufi ya nyumba yao popote aendapo. Mwenyewe nililijua hilo baada ya ndoa, na nilikuwa nimeliona zuri sana mpaka siku ile.

"Kwa hivyo mtu anatembea na nyumba yake kwa pasipoti," alisema afisa, akaandika kitu. "Na hapa fomu inataka majina matatu. Sasa nitaandika nyumba ni ya babu?"

Tulikubaliana kwamba nyumba ni ya babu. Kwa hakika ndiye aliyeijenga.

Akaomba picha za harusi. Tulikuwa nazo chache, kwa kuwa ami yangu ndiye aliyepiga na yeye hupenda kupiga chakula. Moja tu ilituonyesha sote wawili, na mume wangu ndani yake amefumba macho. Afisa aliitazama kwa muda.

"Alikuwa amelala?"

"Alikuwa anaomba dua," nikasema, ingawa sina hakika.

Akaomba basi tumwonyeshe mazungumzo yetu ya simu, maana watu waliooana wakiwa mbali, alisema, huandikiana. Nilikuwa nimeyachapisha. Nilimpa kile kirundo, nikayatazama macho yake yakishuka ukurasa hadi ukurasa. Tulikuwa tukiandikiana kwa Kiarabu cha herufi za Kizungu na Kizungu kidogo, nami nilikuwa nimeandika tafsiri pembeni. Njoo na vitunguu. Gesi imekwisha. Umefika? Nimefika. Usisahau vitunguu. Vitunguu gani hivi umeleta?

"Hakuna hata neno moja ya mapenzi hapa," alisema.

"Hayo huyasema kwa mdomo, bi afisa."

"Na vitunguu?"

"Vitunguu ndivyo anavyosahau."

Alikohoa, akaweka karatasi zile ndani ya faili. Kisha akatueleza kwa makini, akimtazama mume wangu zaidi yangu, kwamba mtu aliyeko kwa viza ya mgeni haruhusiwi kufanya kazi, na hata akipata pasi ya mtegemezi bado haruhusiwi, mpaka aombe kibali cha kazi nacho akipate. Na wakati wowote wanaweza kuja nyumbani kutazama kama kweli tunaishi pamoja. Zamani, aliniambia, mwanamke wa Kenya aliyeolewa na mgeni hakuwa na uwezo wa kumletea mumewe haki yoyote. Katiba imebadilisha hayo. "Kwa hivyo tunaangalia vizuri," alisema. "Si kwa ubaya."

Mume wangu alitoka pale kama mtu aliyefungwa mikono. Yeye si mtu wa kuketi. Kule Maskati alikuwa akitengeneza mafriji kutoka asubuhi, na jioni akirudi nyumbani alitengeneza ya kwetu, ambayo haikuwa na kasoro. Sasa alikuwa Malindi, mji wa joto, chumvi na umeme unaokwenda na kurudi, mji ambao friji haiishi maisha marefu, naye ameambiwa asiguse hata moja. Alipita mbele ya duka la soda akasikia friji ya mwenye duka ikinguruma vibaya, akasimama. Nilimvuta mkono. Alitembea akigeuka nyuma, kama mtu aliyemwacha mgonjwa barabarani.

Ndipo friji ya mamangu ilipokufa.

Ilikufa mchana, na ndani yake mlikuwa na dawa, maziwa, na samaki aina ya changu ambaye mamangu alikuwa amemweka kwa wageni wa Ijumaa. Mume wangu aliinamia nyuma ya friji, akasikiliza, akaigusa kwa kiganja.

"Mama," alisema kwa Kiswahili alichofundishwa na mamangu mwenyewe, "huyu anaumwa."

Vitu vyote kwake vilikuwa watu. Hatukuweza kumwachisha.

"Basi mtibu," akasema mamangu.

"Siwezi. Serikali."

Mamangu aliniangalia mimi. Babangu akaingia, akasikia, akasema ni upuuzi, mtu hawezi kukatazwa kumtengenezea mama mkwe friji nyumbani kwake. Nikasema sheria haijataja mama mkwe. Babangu akasema sheria ambayo haijamtaja mama mkwe imeandikwa na kapera. Tukabishana mpaka samaki akaanza kunuka, na mwisho nikafunga buibui langu nikaenda ofisini kuuliza.

Bi afisa alinisikiliza bila kunikatiza.

"Ni friji ya nani?"

"Ya mamangu mzazi."

"Atamlipa?"

"Atampikia."

Alijipangusa shingo. Feni ya ofisi yake ilikuwa ikizunguka bila kuleta kitu. "Ofisi haiwezi kukataza mtu kusaidia ndani ya nyumba anayokaa," alisema. "Friji ya mama mkwe, hiyo si kazi. Hiyo ni heshima. Lakini asilipwe, asitangaze, asifungue duka."

Nilirudi na maneno hayo mbio, na kosa nililofanya ni kuyasema kibarazani kwa sauti. Friji ilipona kabla ya magharibi. Na habari kwamba serikali imeruhusu mafriji ya mama wakwe ikaenda mtaa mzima kwa kasi ambayo redio haina.

Wa kwanza kuja alikuwa mama mdogo, nduguye mamangu wa tumbo moja, anayeuza samaki Ngomeni. Friza lake lilikuwa limekufa siku nyingi, na alilipakia kwenye pikapu akaja nalo yeye mwenyewe ameketi nyuma, amelishikilia kama mgonjwa wa kupelekwa hospitali. "Mimi ni mama yake," alisema hata kabla ya kuteremka. "Nduguye mama ni mama. Waulizeni." Sikuweza kubisha, kwa kuwa kwetu ni kweli. Alikuja pia na samaki. Mamangu, aliyekuwa amejipa kazi ya kusimamia sheria ile asije mtu akalipa hata ndimu, alimzuia mlangoni.

"Hawa samaki ni wa nini?"

"Ni wako. Siwezi kumletea dadangu samaki?"

Mamangu alifikiri, akawapokea.

Baada yake akaja mama mwingine kutoka mtaa wa Kisumu Ndogo, hapo hapo Malindi, mwenye kibanda cha maziwa na soda. Mama huyu ni wa bara, hatuna damu naye hata tone. Alileta friji yake ndogo kwa mkokoteni.

"Mama, wewe ni mama mkwe kwa njia gani?" nikamuuliza.

"Nani alikusuka nywele ukiwa darasa la tatu?"

"Ni wewe."

"Nani alikuwa anakupa maziwa ukitoka shule, mama yako akichelewa sokoni?"

"Ni wewe."

"Sasa hiyo kitu inaitwa nini?"

Mume wangu alikuwa ameshaanza kuifungua. Kwake ilikuwa jambo rahisi kabisa. Alikuwa ameacha mama mmoja Kerala na sasa Mwenyezi Mungu anamletea wengine kwa mikokoteni. Alijifunza kwa kila mmoja jina la heshima, alijua nani amwamkie shikamoo na nani amuulize habari za miguu, na jioni alinieleza mambo ya familia yangu ambayo mimi mwenyewe sikuyajua. Kiswahili chake kiliongezeka. Alijua neno la kompresa, la gesi, la kuvuja na la wivu.

Niliogopa. Nilimwambia haya yatatuletea matatizo. Alisema hapokei hata senti. Nikasema si senti, ni sura. Ua wetu ulikuwa na sura ya karakana.

Asubuhi aliyokuja bi afisa, friza la Ngomeni lilikuwa limelala ubavu uani, tumbo wazi, na friji ya Kisumu Ndogo imesimama kando yake bila mlango. Waya zilikuwa zimetambaa juu ya mkeka. Mume wangu alikuwa amevaa kikoi na fulana, ameshika chombo cha moto cha kuchomelea mabomba ya shaba. Mama mdogo na yule mama wa Kisumu Ndogo walikuwa wamekaa juu ya vibao wakinywa chai, wakisubiri kama watu wa zahanati. Afisa alibisha hodi, mamangu akaitikia karibu bila kuuliza ni nani, na mlango ukafunguka.

Bi afisa alisimama akitazama yote yale, polepole, kutoka kushoto hadi kulia.

"Hii ni nini?"

"Wagonjwa," akajibu mume wangu.

"Wagonjwa wa nani?"

"Wa mama mkwe."

"Mama mkwe uko na wangapi?"

Mume wangu alizima moto wake kwanza. "Mama mkwe wengi," alisema. "Mke mmoja tu."

Mama mdogo alicheka mpaka chai ikampalia. Mimi sikucheka. Afisa aliketi kwenye kiti alicholetewa, akatoa kalamu, akamwambia mume wangu amtajie kila mwanamke aliyeko pale uani ni nani yake. Alianza na mamangu: huyu ni mama mzaa mke, ana presha, asile chumvi na anakula. Huyu ni mama mdogo, wa Ngomeni, mume wake yuko baharini, mtoto wake wa kwanza ameoa Gongoni na hampigii simu. Mama mdogo akaacha kucheka. Huyu wa tatu ni mama wa nywele na maziwa.

"Wa nini?"

Yule mama wa Kisumu Ndogo akajieleza mwenyewe, na alipomaliza kueleza afisa akamwambia kwa upole, "Mama, kusuka si kuzaa. Wewe si mama mkwe. Hii friji yako irudi nyumbani."

"Lakini imeshapona."

"Imepona kabisa?"

"Imebaki mlango tu," akasema mume wangu.

Afisa alitazama mlango, akatazama juu mbinguni. "Weka mlango," alisema. "Ikienda, isirudi. Na ya nduguye mama, sawa, lakini iwe ya mwisho. Ukitaka kufanya hii kazi, omba kibali. Ni haki yako kuomba. Lakini usiniletee karakana ndani ya faili."

Kisha akatutenga. Aliniuliza mimi ukumbini, kisha mume wangu jikoni, maswali yale yale. Nani huamka mwanzo. Asichokula ni kipi. Analala upande upi. Mara ya mwisho mligombana kwa sababu ya nini. Alipomaliza alituita sote wawili, na uso wake haukuwa umetulia.

"Mengine yote yanafanana," alisema. "Lakini hii ya ugomvi haifanani. Wewe umesema mligombana kwa sababu alitia ukwaju kwa mchuzi ya mama yako. Yeye anasema mligombana kwa sababu ulimwambia mama yako kwamba huyu anakoroma."

Nikamgeukia mume wangu. "Ukwaju ndio wa mwisho," nikamwambia.

"Ukwaju Jumapili. Kukoroma jana."

"Jana hatukugombana."

"Wewe hukugombana. Mimi nimegombana."

"Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimenyamaza. Nilikasirika, nikanyamaza."

"Sasa mtu atajuaje umekasirika ukinyamaza, na wewe ukilala unakoroma?"

Akaanza kunijibu kwa Kiarabu, nami nikamjibu kwa Kiarabu, tukafika kwenye vitunguu, na vya Maskati vyote vikarudi. Mamangu alisimama mlangoni akatuambia tuone haya mbele ya mgeni. Tulipokumbuka kumtazama afisa, alikuwa ameshafunga faili na amefunika kalamu yake.

"Inatosha," alisema. "Nimeona."

Alikubali maji. Mamangu alimletea ya baridi sana kutoka ile friji iliyopona, naye akayanywa yote, akaomba tena, akakaa kidogo na glasi tupu mkononi akiuliza habari za presha ya mamangu kama jirani yeyote. Mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini kwamba friji yake, nyumbani anakopanga, nayo imekufa. "Na siwezi kukuletea," alisema, akacheka kwa mara ya kwanza. "Mimi hata nikisema ni mama mkwe, nani ataamini?" Akapanda tuktuk akaenda zake.

Tulingoja. Viza ilikuwa ikielekea ukingoni, tukaomba iongezwe, ikaongezwa. Mume wangu alimaliza friza la Ngomeni na baada ya hapo hakugusa kitu, akageukia jiko, na mamangu akagundua kwamba mkwe asiye na kazi ni mtihani mkubwa kuliko friji mbovu. Alikuwa akipika mchana, anaosha sufuria ambazo zimeshaoshwa, anapanga vikombe kwa urefu. Mamangu aliniita chumbani akaniuliza kama hakuna namna ya kuiharakisha hii serikali.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu, katikati ya kuchambua mchele. Pasi imekubaliwa. Nilimsomea mara mbili. Alikwenda akamshika mkono babangu kibarazani, na babangu akampa kahawa.

Ilibaki kwenda Mombasa kuchukuliwa alama za vidole. Tulidhani hiyo ni kazi ndogo. Mashine ilimkataa. Kila alipoweka kidole, taa ilikuwa nyekundu. Vidole vyake vilikuwa vimelika kwa waya, gesi na moto wa miaka mingi, na ngozi ya ncha ilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Msichana aliyekuwa akiiendesha mashine alimfuta kwa kitambaa chenye maji, akambonyeza, akamwambia apumzike, akajaribu tena. Nilikaa kwenye benchi nikiwaza kwamba tumevuka Waarabu, wafasiri, mawakili na mama wakwe, na sasa tutashindwa na ncha za vidole. Kidole gumba kilikubali mwanzo. Vingine vikafuata kimoja kimoja, kwa kubembelezwa. Msichana yule alimuuliza kazi yake ni nini. Mume wangu alinitazama, akaogopa kujibu.

"Ni fundi," nikasema. "Lakini kwa sasa hafanyi."

Kurudi, alitaka tuteremke Kilifi. Alikuwa amelitazama daraja tulipolivuka asubuhi na akanyamaza, na kunyamaza kwake sasa nilikuwa nimejifunza kukusoma. Tuliteremka upande wa mjini, tukanunua korosho za kuokwa kwa akina mama wanaouza kando ya barabara, tukasimama mahali ambapo mkono wa bahari unaonekana ukiingia ndani kati ya minazi, maji yake kijani, yametulia.

"Nyuma ya nyumba yetu ni hivi," alisema. "Hivi hivi kabisa. Hata rangi."

Nikamwambia hilo ni jambo zuri. Akatikisa kichwa kwa namna yao ile ambayo si ndiyo wala si hapana.

"Nilimpigia mama yangu asubuhi, ulipokuwa kwenye foleni. Nilimwambia, wamenikubali, naweza kukaa. Alifurahi. Halafu akaniuliza, sasa unarudi lini?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Muda wote ule wa mihuri na viapo, nilikuwa nimeiona pasi kama mlango wa kuingilia, na sikuwahi kukumbuka kwamba kwa mtu mwingine, mbali huko, ni mlango ambao mwanawe ametokea. Nilimuuliza mama yake anapenda nini kutoka huku.

Alitafuna korosho moja, akaitathmini.

"Hizi wanazo," alisema. "Tena nzuri kuliko hizi."

"Usiseme kwa sauti," nikamwambia, maana mama aliyetuuzia alikuwa karibu na alikuwa anasikia.

Alimgeukia yule mama, akamwamkia shikamoo, akamsifia korosho zake kwa Kiswahili kirefu kilichonyooka, cha mamangu mtupu, na akanunua mfuko mwingine. Mama yule alimuuliza anatoka wapi. Alifikiri kidogo kabla ya kujibu, akanitazama, kisha akasema Malindi. Mama akasema alijua tu, wa Malindi hawafichiki, akamwongezea korosho kwa kiganja, nasi tukasimama kando ya barabara kungoja gari.